Simama, Mama Akae

Siku hizi sifukizi udi nyumbani kwangu. Mimi ni mtu wa Tanga, nimelelewa ndani ya moshi wa udi. Kanga za mama yangu zilifukizwa kabla ya kuvaliwa, na hata mashuka ya wageni yalipitishwa juu ya chetezo. Lakini dada yangu alipokuja kunitembelea hapa Najma, Qatar, akatoa udi wake kwenye sanduku na kuanza kutafuta kiberiti, nilimwomba akafukizie nje kwenye roshani. Alinitazama kana kwamba nimebadili dini, halafu akauliza kama nina mimba. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba aliyeniharibia udi ni basi.

Basi lenyewe ni dogo na jeupe, halina usukani wala kiti cha dereva, na madirisha yake ni makubwa hadi ukiwa ndani unajiona uko kwenye kabati la vyombo. Linajiendesha lenyewe ndani ya eneo la chuo kikuu, kutoka maktaba hadi maegesho ya kitivo cha uhandisi, kisha linarudi. Nilikuwapo lilipoletwa likiwa limefungwa nailoni. Nilikuwapo hata kabla ya hapo, programu yetu ilipokuwa chumba kimoja kisicho na viti, mkurugenzi amesimama dirishani anazungumza na simu na mimi nimekaa juu ya boksi la printa. Waliniajiri kuwa mratibu. Maana yake ni kwamba kila ambacho mkurugenzi hakutaka kukifanya kilikuwa changu.

Sikuja na kinyaa. Watu wanaosikia ninavyozungumza sasa hudhani nilikuja nimekunja uso tangu uwanja wa ndege. Nilikuwa nimesomea mambo ya barabara, nimefanya kazi Dar es Salaam ya kupanga vivuko ambavyo hakuna gari lililoviheshimu, na nilipopata nafasi ya kushiriki kuanzisha kituo cha kujaribu usafiri wa kesho, chuoni, kwa utulivu, nilifurahi mno. Nilipenda wazo la chombo kinachosimama kila kinapomwona mtu mbele yake, bila kujali mtu huyo amevaa nini. Bado nalipenda.

Mkurugenzi alikuwa mgeni kama mimi, ila mgeni wa aina nyingine, wale wanaopokewa uwanja wa ndege na mtu aliyeshika kibao. Alikuwa na sauti laini na alipenda maneno. Programu yetu aliiita maabara hai, na kila alipotamka neno hai alifungua mikono kidogo. Mfukoni alibeba kichupa cha dawa ya kusafishia mikono. Akishikana mkono na mgeni rasmi, kichupa kinabaki mfukoni. Akishikana mkono na mtunza bustani, na alishikana nao sana kwa sababu kulikuwa na mpiga picha, kichupa kinatoka kabla mtunza bustani hajageuka vizuri. Mwanzoni nilijiambia ni tabia tu ya mtu msafi.

Kabla ya watu tulianza na masanamu. Yalikuwa ya mpira, moja la mtu mzima, moja la mtoto, jingine la mtu anayesukuma kigari cha mtoto, na kazi yake ilikuwa kuburutwa mbele ya basi ili tuone kama litafunga breki. Yaliwekwa kwenye stoo yenye kiyoyozi kwa sababu mpira ukipata joto la hapa hulegea, na umbo likiharibika basi haliwezi kulitambua. Yalifunikwa shuka. Fundi alikatazwa kuyashika kwa mikono yenye mafuta.

Basi lilipofaulu kwa masanamu, tukaletewa watu. Walikuwa wafagiaji, watunza bustani na wasafishaji wa ofisi, wa kampuni zilizopewa kazi na chuo, wengi wao kutoka Kenya, Uganda na kwetu Tanzania, wengine Nepal na India. Waliitwa abiria wa kujitolea. Sikumwona yeyote aliyeulizwa kama amejitolea. Msimamizi wao aliwaambia yalla, twendeni, na wakaja, kila mmoja akapewa chupa ya maji na kofia yenye nembo yetu. Walisubiri zamu yao wakiwa wameegemea ukuta wa stoo, kwa sababu ndiko kulikokuwa na kivuli, na ndiko pia lilikofungwa lile boksi la nje la kiyoyozi linalotema joto. Kwa hiyo ndani masanamu yanapulizwa baridi, na nje watu wanapulizwa joto la kiyoyozi hichohicho. Nilimwonyesha mkurugenzi. Akasema ni jambo zuri kuliona, tutaliangalia. Tutaliangalia ndilo lililokuwa jibu lake kwa mambo yote ambayo hayakuwa na picha nzuri.

Na udi je? Kila walipokuja wageni rasmi, basi lilifukizwa. Milango inafunguliwa, viti vinafutwa, kisha tarishi wa ofisi anaingia na chetezo cha umeme na kukiacha ndani hadi hewa inakuwa nzito. Mara ya kwanza moyo wangu uliruka kwa furaha. Hapa mgeni hukaribishwa kwa udi kama kwetu, nikaona leo angalau kitu kimoja katika programu hii kinaelewa heshima. Baadaye ikatokea siku wageni walikuja asubuhi, kabla abiria wa kujitolea hawajapanda. Nikauliza chetezo kiko wapi. Mkurugenzi akajibu kwa ile sauti yake laini kwamba leo hakuna haja, basi bado halijapata harufu ya majaribio.

Harufu ya majaribio. Nilikwenda chooni nikasimama mbele ya sinki bila kutapika, nikitamani nitapike. Kati ya hao abiria kulikuwa na mama mmoja wa Uganda, msafishaji wa jengo letu, mtu mzima mwenye magoti mabovu, na huyo mama alinukia sabuni ya sakafu. Sabuni ileile iliyosafisha ofisi ya mkurugenzi.

Mtu ambaye habari hii inamhusu hasa ni mlinzi wa ndani ya basi. Kibali chetu kilitaka basi lisiende bila mtu wa kubonyeza kitufe chekundu mambo yakiharibika, na kampuni moja ya ulinzi ikatuletea Mkenya wa Bungoma, mrefu, mcheshi, aliyejua Kiingereza cha kuongea na wanafunzi na Kiswahili cha kuwatuliza abiria. Kabla ya hapo alikuwa amesimama. Ndivyo alivyoisimulia kazi yake ya nyuma, kwa neno hilo moja. Alisimama kwenye geti la nyumba za matajiri huko Al Rayyan, akasimama kwenye maegesho, akasimama mlangoni pa duka la simu, hadi mishipa ya miguu ikavimba na kujisokota kama kamba ya kuanikia nguo. Alinionyesha siku moja, akipandisha suruali kidogo kwa haya. Ngozi karibu na kifundo ilikuwa nyeusi na inang'aa.

"Daktari aliniambia nisisimame sana," alisema. "Nikamuuliza, sasa daktari, si ndiyo kazi yenyewe?"

Ndani ya basi kulikuwa na kiti chake. Kilikuwa kiti kidogo cha kukunjua, kimefungwa ukutani chini ya kitufe chekundu, kigumu, cha kumfaa mtoto. Yeye alikipenda kuliko nilivyowahi kumwona mtu mzima akipenda kiti. Alikifuta kwa leso kila asubuhi.

"Madam, mimi saa hii nakaa," aliniambia wiki ya kwanza. "Nilipigia mama watoto nikamwambia, bwana yako siku hizi anatoka kazini na viatu vinamtosha. Alidhani nimelewa."

Uvimbe ulianza kupungua. Msimamizi wake, ambaye wote walimwita mudir, alikuwa amemwambia wazi kwamba akiharibu hapa atarudishwa kwenye mageti, na kwenye mageti hakuna viti. Kwa hiyo alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Alijifunza taratibu zote kwa moyo na alinirekebisha mimi niliposahau kufunga mkanda.

Sasa nifike kwenye neno. Mkurugenzi alitaka abiria yeyote aweze kulisimamisha basi kwa sauti, kwa lugha yake, bila kugusa kitu. Wazo halikuwa baya. Mtu akiona hatari hapaswi kuanza kutafuta kitufe. Wakachagua Kiarabu, Kiingereza, Kihindi na, kwa sababu ya wale abiria wetu, Kiswahili. Matangazo ya Kiswahili niliyasoma mimi, kwa sababu nilikuwa karibu na sikuongeza gharama. Neno la kusimamisha wakaniuliza, na nikawaambia kwamba neno letu ni simama, lakini simama lina kazi mbili. Gari linalokwenda likiambiwa simama, linaacha kwenda. Mtu aliyekaa akiambiwa simama, anainuka. Nikapendekeza mfumo usikilize maneno mawili, simamisha basi. Mhandisi wa kampuni iliyotengeneza basi, ambaye nilimjua kwa uso wa kwenye kompyuta tu, akasema mtu mwenye hofu hasemi maneno mawili, na kwamba wao tayari walikwisha kulipata neno hilo kutoka kwa wataalamu wa lugha. Nikamwuliza hao wataalamu wanapanda mabasi ya wapi. Mkurugenzi akasema tutaliangalia.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, msimu wa joto, basi limejaa. Mimi nilikuwa siti ya nyuma naandika tabia za abiria, kwa maana hiyo nilikuwa nalipwa kuwakodolea macho watu. Pale maktaba akapanda yule mama wa Uganda, wa mwisho, ameshika ndoo kwa mkono mmoja na nguzo kwa mwingine. Hakukuwa na kiti. Mlinzi akamwona, na mkono wake ukaenda kwenye mkanda wake mwenyewe ili ampe kile kiti kidogo. Mara tu alipoufungua basi likalia na kukataa kuondoka, kwa sababu mtu wa kitufe lazima awe amefungwa. Akaufunga tena. Basi likaondoka. Akatazama huku na huku, akamwona kijana mmoja wa kwetu, mtunza bustani, amekaa hana habari, anacheka na simu yake.

Hapo alifanya ambacho mtu yeyote aliyelelewa na wazazi wake angefanya. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, ya kaka mkubwa, "Buda, hebu simama, mama akae."

Basi likafunga breki.

Kijana, aliyekuwa ameanza kuinuka, akarudi kitini kwa kishindo. Ndoo ikaruka. Mama akaachia nguzo na kwenda mbele na mkono wake ukatangulia, ukapiga chuma cha mlangoni, na nikausikia. Kisha ikatoka sauti ya mwanamke, tamu, tulivu, ya mtu asiyejua shida, ikisema, "Basi limesimama. Tafadhali tulieni." Ilikuwa sauti yangu. Sijawahi kuichukia sauti yangu kama nilivyoichukia pale, na ilirudia maneno hayo mpaka milango ilipofunguliwa.

Mama alikuwa amekaa sakafuni kwenye maji ya ndoo, ameuficha mkono chini ya aproni. "Mimi niko sawa," alikuwa anasema. "Niko sawa kabisa, dada. Wacha niende kazi." Aliogopa kwamba mtu aliyevunjika hana kazi. Mlinzi alikuwa amepiga magoti mbele yake, anamwomba radhi bila kujua kosa lake ni lipi. Mimi nilijua, na nilipomweleza baadaye, tukiwa tumeketi hospitali tunasubiri mkono ufungwe plasta, alisema, "Sasa nilipaswa kuwa mtu mbaya ndio nisikosee?"

Kesho yake asubuhi mkurugenzi alituandikia sote ujumbe wa furaha. Alisema kwamba kwa mara ya kwanza mfumo wa kusimamisha basi kwa sauti umefanya kazi katika mazingira halisi, kwa lugha isiyo ya kawaida, ndani ya basi lililojaa. Mfumo ulisikia na mfumo ukatii. Alitumia neno mafanikio. Habari za mkono wa mama zilikuwa chini, pamoja na kikumbusho kwamba abiria wasipande na ndoo.

Nilisoma ujumbe ule nikiwa nakunywa chai, na chai ikanishinda. Nimewahi kuona ukatili, na nimewahi kuona uzembe, na vyote viwili nikavivumilia kwa kuvipa majina yake. Hiki kilikuwa kitu kingine, chenye harufu nzuri juu yake. Mtu kavunjika na wao wanapongezana kwa sababu chuma kilisikia.

Ikaitwa kamati. Walikuwapo mkurugenzi, afisa usalama wa chuo, na mzee mmoja Mqatari kutoka idara iliyotupa kibali, mtu wa maneno machache anayechezea tasbihi. Suala lililoletwa mezani lilikuwa mlinzi. Amri ya dharura imetamkwa pasipokuwa na dharura, na aliyeitamka ni mtu aliyefundishwa. Mudir wa kampuni ya ulinzi alikwisha kusema kwamba kamati ikimwona ana kosa, atamwondoa siku hiyohiyo. Mlinzi mwenyewe alikuwa nje kwenye korido. Kulikuwa na makochi mazuri pale nje. Alikuwa amesimama.

Mkurugenzi akanigeukia. "Wewe ndiye mjuzi wa lugha hii. Kwa neno moja tu, simama maana yake nini?"

Nikasema haliwezi kuelezwa kwa neno moja.

"Lakini linaweza kuwa na maana ya kuacha kwenda."

"Linaweza."

"Kwa hiyo mlinzi alilisema," mkurugenzi akasema, na akaegemea kiti.

Nilimgeukia yule mzee, kwa sababu ndiye pekee pale chumbani ambaye hakuwa na haraka ya kwenda kula, nikamwuliza kwa heshima soko maarufu la mji wake linaitwaje. Akasema, Suq Waqif. Nikamwuliza, hilo waqif, neno lenu la kusimama, ni soko lililoacha kwenda, au ni soko lililosimama? Tasbihi ikatulia. Akacheka kidogo, akasema soko halikuwa likienda popote, ni watu waliosimama wakiuza. Nikamwambia, na sisi neno letu ni hivyohivyo, mzee wangu. Mlinzi hakuongea na basi. Aliongea na kijana amwachie mwanamke mtu mzima kiti.

Afisa usalama akataka kujua kwa nini mlinzi hakutumia neno jingine, kama lipo. Nikamwambia yapo, inuka lipo, mpishe mama lipo, lakini watu wakiwa ndani ya basi husema kinachokuja mdomoni, na kinachokuja ni simama. Mkurugenzi akasema hii ni nadharia. Mzee akainuka na kusema, "Twendeni tukaone."

Tukapanda basi. Nilimwomba mzee akae na afunge mkanda, na akakubali. Afisa usalama akakaa. Mkurugenzi alibaki amesimama na kikombe chake cha kahawa, maana alipenda kuhutubia akiwa wima, na yeye sikumwomba chochote. Mlinzi alikuwa kwenye kiti chake kidogo, ananitazama kwa wasiwasi. Basi lilipoondoka nilimgeukia afisa usalama, ambaye hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, nikamwambia kwa upole kabisa, "Bwana, hebu simama, mkurugenzi akae."

Kahawa yote iliishia kwenye shati. Sauti yangu tamu ikamwambia mkurugenzi atulie.

Mzee alimgeukia mlinzi, akasema kwa Kiarabu kwamba mtu huyu hana kosa, ana adabu, khalas, yamekwisha. Nikamtafsiria. Mlinzi alifunika uso kwa kofia yake. Jioni ile nilipika wali wa nazi na samaki, nikala peke yangu nikiwa na furaha kama ya sikukuu, na mlinzi akanipigia kutoka kwenye chumba wanacholala huko Industrial Area, nikawasikia wenzake nyuma wakishangilia. "Mungu akuweke, madam," alisema. "Kiti kimebaki."

Ningependa kuishia hapo.

Kamati ilikaa tena bila kuniita. Uamuzi ulikuja kwa ujumbe mwingine wa furaha. Kwa kuwa imethibitishwa kwamba Kiswahili kina hatari, Kiswahili kimeondolewa. Basi halitasikiliza tena neno lolote la lugha hiyo wala kutangaza kwa lugha hiyo. Na kwa kuwa mlinzi alichaguliwa ili aweze kuongea na abiria wa lugha hiyo, nafasi yake haihitajiki tena. Kitufe chekundu kitashikwa na wanafunzi wa kitivo kwa zamu, wakivaa fulana za programu. Mlinzi alishukuriwa kwa mchango wake. Ujumbe ulisisitiza kwamba hakufukuzwa.

Nilikwenda ofisini kwa mkurugenzi bila kubisha hodi. Nilimwambia mtu yule hana kosa, kamati yake mwenyewe imesema. Akakubali kwa moyo wote. Nilimwambia kuhusu miguu. Alisikitika, na alisikitika vizuri sana, kichwa kimeinama upande mmoja. Kisha akaniambia, "Lakini wewe ndiye uliyethibitisha. Tatizo lilikuwa neno, siyo mtu. Tumeondoa neno." Aliponiaga alinipa mkono. Nilikuwa sijafika mlangoni niliposikia kifuniko cha kichupa kikifunguka.

Bado nafanya kazi pale. Nina mkataba, nina kodi, na mahali pengine nilipokwenda kuuliza kuna wakurugenzi kama huyu. Mama wa Uganda alirudi plasta ilipotolewa, na hapandi tena basi. Hupita kando yake akitembea polepole na magoti yake, ndoo mkononi, na basi linamwona, linapunguza mwendo kwa ustaarabu, kisha linaendelea.

Ijumaa moja nilikwenda kumtafuta mlinzi. Wamemweka kwenye geti la godauni huko Industrial Area, kwenye barabara ya magereji, ambako hewa ina ladha ya rangi na tairi. Nilimpelekea chapati na kuku. Kulikuwa na kibanda kidogo getini, ndani yake kiti kimoja cha plastiki, na juu ya kiti faili la mudir. Hakuna anayeruhusiwa kukikalia, mudir akija anataka akikute. Alikula akiwa amesimama. Hakunionyesha miguu na mimi sikuomba kuiona. Viatu alikuwa amevilegeza kamba zote.

Nilijaribu kumchekesha. Nilimwambia kwamba wiki ile nilipanda basi kwa hasira, nikasema simama, nikasema tena kwa sauti kubwa, basi likaenda tu kama kiziwi, na wanafunzi wakanidhania nimechanganyikiwa. Alicheka kweli, akapangusa macho kwa mgongo wa mkono.

"Na kile kiti changu?" akauliza. "Wale wanafunzi wanakifuta?"

Wanafunzi hawakikalii. Wanasema ni kidogo na kinawakunja fulana, na wakisimama picha zinatoka vizuri zaidi, kwa hiyo mkanda wamefundishwa kuufunga nyuma ya kiti ili basi likubali kuondoka. Kiti chenyewe kimekunjuliwa muda wote na juu yake wameweka kile chetezo cha umeme, kwa kuwa kinatosha pale sawasawa na waya unafika. Sasa basi linafukizwa kutwa.

"Hakuna mtu anayekikalia," nilimwambia.

Alifurahi kusikia hivyo. Akahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, akafungulia lori geti.